Arubuni ya Mkono wa Kushoto

Fundătura, 13 Oktoba 1936

Iordache,

Sikusalimu, maana sijui kama namwandikia mtu aliye hai. Kama umekufa, mkeo Safta anijibu mstari mmoja tu, nami nitakuwashia mshumaa kanisani na kukusamehe. Kama u hai, soma.

Jumapili nilimwoza Zamfira wangu. Unalijua hilo, kwa kuwa wewe na fidla yako na wenzako wawili ndio mliokuwa mje kutupigia. Tulitoka kanisani tukasimama kutazama barabara ya darajani. Wageni wakatazama barabara. Padri akatazama barabara, kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Wanakuja, gurudumu limewaharibikia njiani." Nilisema hivyo mpaka nyama ikapoa. Mwishowe mama mkwe wa binti yangu akapaza sauti hadi zizini: "Basi tuanze jamani, au tumngoje fundi auze koti jingine ndipo apate cha kuwalipa?"

Na ngoma ya bibi harusi! Walimcheza mwanangu kimya kimya. Mjomba wake alijaribu kupiga makofi, akachoka. Kilichosikika ni viatu kwenye udongo na mtu mmoja akipenga kamasi. Zamfira aliinamisha uso mwanzo hadi mwisho, nami nilitamani ardhi inimeze.

Iordache, wewe ndiye uliyenipigia harusi yangu na marehemu Catinca. Mwezi Juni tulikaa kilabuni kwa Ruxanda, tukapatana, tukagonga viganja. Ukasema hutaki fedha, unataka koti la ngozi ya kondoo liwe arubuni. Nikakupima, nikakushonea, nikakupa. Niambie kilichokupata.

Pintilie Rusu, fundi wa makoti


Tecuci, 20 Oktoba 1936

Fundi Pintilie,

Nasikitika kwa yaliyotokea harusini. Nalisema hilo kwanza usije ukadai sikulisema.

Mengine siyajui. Mapatano hayakuwapo kati yetu. Tulikunywa divai, tukazungumza kama wazungumzavyo watu waliojuana tangu vitani. Koti ulinipa kwa hisani yako, nikalipokea kwa shukrani. Na hivyo viganja unavyovitaja, mwulize Ruxanda, alikuwa anafuta meza ya pili. Mimi nilikupa mkono wa kushoto. Hata mtoto wa kuchunga mabata anajua kuwa mkono wa kushoto haufungi kitu. Ng'ombe hauzwi kwa mkono wa kushoto, wala mchumba haposwi kwa huo.

Nisalimie Zamfira, kama atazipokea salamu zangu.

Iordache Pandele


Fundătura, 2 Novemba 1936

Bwana Pandele,

Kwanza hongera kwa mwandiko wako mpya. Tulipokuwa vitani ulikuwa ukiandika kama kuku aliyekanyaga wino, leo herufi zimenyooka kama za binti wa shule. Umemwajiri karani akusaidie kusema uongo?

Nimekwenda kwa Ruxanda. Naye, mjinga wa Mungu, akasema, "Ni kweli, Fundi, alikupa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni." Nami nilidhani umeshika tumbaku! Kumbe ulikuja umejipanga. Ulikunywa divai yangu, ukajichekea moyoni, ukanipa mkono wa kushoto kama mtu anayempa mbwa mfupa.

Basi nimefungua shauri. Wakili amenisikiliza, akakuna kidevu. "Mzee, koti lipo, divai imenywewa. Lakini mkataba uko wapi? Mliandikiana?"

Nikamwambia, "Bwana mkubwa, nani anaandikiana na mpiga fidla? Ni sawa na kumtaka padri atie sahihi kabla hajakubatizia mtoto. Ningemwomba karatasi, angenitemea mate, na angekuwa na haki."

"Basi itabidi tuuthibitishe huo mkataba kwa njia nyingine," akasema. "La sivyo hakimu atasema haukuwapo."

Sikiliza sasa, maana wewe u mjini na hayakufikii. Hapa kijijini wanasema sikumwajiri mtu. Wanasema Pintilie alipiga hesabu akaona kimya ndicho rahisi kuliko vyote. Wananiita Pintilie wa Kimya. Nikiingia kanisani vijana wa benchi la nyuma wanaimba puani, mm-mm-mm, wimbo wa bibi harusi. Mama mkwe wa Zamfira, kila akimkatia mkate, humwambia, "Kula, mwana wa bahili, kwenu hamkuzoea."

Fedha yako siitaki hata senti. Nataka hakimu aandike kwa mkono wake kwamba mkataba ulikuwapo, kwamba Pintilie Rusu alimwajiri mpiga fidla na akampa arubuni. Karatasi hiyo nitaipigilia misumari kwenye mlango wangu.

P. Rusu


Tecuci, 9 Novemba 1936

Fundi,

Nimempa mwenye gari la magunia koti lako akuletee. Sasa sina kitu chako, nawe huna la kunidai. Tuachane.

Iordache Pandele


Fundătura, 21 Novemba 1936

Bwana Pandele,

Asante kwa koti! Wakili wangu alikaribia kunibusu. "Mzee," akasema, "zawadi hairudishwi. Kinachorudishwa ni arubuni. Mtu huyu amejifunga kamba mwenyewe." Nilicheka njia nzima kutoka mjini, peke yangu, mpaka farasi akageuza masikio.

Nilipofika nyumbani nikalitandaza koti mezani, kicheko kikakatika. Umelifanya nini koti langu? Ncha ya mkono wa kulia wa koti imeshonewa mfukoni! Uzi mweusi wa kushonea magunia, mishono mikubwa kama meno ya reki, juu ya kazi niliyoifanya majuma matatu kwa ajili yako. Ulishindwa hata kulidharau kwa adabu?

Wakili anasema koti peke yake laweza lisitoshe, kwa hiyo nimeamua hili. Sheria inaniruhusu kukuapisha, na kiapo chako ndicho kitakachoamua shauri zima. Mwezi wa Februari utasimama mbele ya hakimu, utaweka mkono juu ya msalaba, mkono wa KULIA safari hii, bwana, na utaapa mbele ya Mungu na mbele ya kijiji changu kwamba mapatano hayakuwapo. Ukiapa, nimeshindwa, nami nitakuachia Mungu. Usipoapa, umeshindwa wewe. Kijiji kizima kinakuja kutazama, magari mawili yameshajaa.

P. Rusu


Tecuci, 1 Desemba 1936

Fundi Pintilie,

Mimi ni Safta, mke wa Iordache. Mwandiko utautambua, ni ule ule ulioandika barua zote za mume wangu. Yeye husema, mimi huandika, naye hutazama ukutani. Leo naandika bila yeye, na ukinijibu, mpe mama anayeuza mishumaa mlangoni pa kanisa la Mtakatifu Yohana. Iordache akijua nimekuandikia atahama nyumba.

Uzi wa magunia ni wangu, Fundi. Usiku na mchana nilikuwa nauona mkono ule ukichomoka mfukoni na kuning'inia mbele za watu, nikaushonea mahali.

Wakati wa Kwaresima aliamka upande wa kulia umekufa. Mguu ulirudi, na mdomo ukarudi. Mkono haukurudi. Hauwezi kushika kijiko, seuze upinde wa fidla. Hakuna anayejua ila mimi, hata wapigaji wenzake hawajui. Amewaambia ana jipu, kisha kaumwa na mbwa, kisha sijui nini, na kila harusi amepata kisingizio. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, nami ninaiosha tangu Machi.

Utaniuliza kwa nini alikubali yako. Kwa sababu ulimwomba wewe. Kwa sababu bibi mmoja mganga wa mizizi alimwahidi kuwa mavuno ya zabibu yakianza vidole vitafunguka. Alikupa mkono wa kushoto kwa kuwa ndio aliokuwa nao, na moyoni alikuwa amekupa yote miwili.

Siku ya harusi alivaa. Nilimfungia vifungo. Akawatumia wenzake habari kwamba harusi imeahirishwa, ili wasije wakapiga bila yeye na watu wakauliza yuko wapi. Hilo ndilo kosa lake, na halina dawa, silitetei. Kisha akapanda gari peke yake na fidla magotini. Alifika darajani kwenu akawaona mmesimama mlangoni pa kanisa mnatazama barabara. Akageuza gari.

Fundi, mshinde mume wangu unavyotaka. Mwambie hakimu ni mwongo, na ni kweli alidanganya. Lakini usimwapishe. Ataambiwa anyanyue mkono wa kulia mbele ya magari yako mawili ya watu. Ameshaniambia kuwa atabaki nao mfukoni, hata wakimpeleka jela. Mtu wa mtaa wetu wa wapiga fidla huaminiwa akiwa na fidla kidevuni tu. Bila fidla yeye ni nani?

Safta


Fundătura, 9 Desemba 1936

Mama Safta,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Nampa mwuza mishumaa jibu kama ulivyoagiza.

Nilimpima mimi mwenyewe. Unaelewa? Nimepima mikono ya watu miaka arobaini. Niliushika ule mkono wake, nikaunyoosha, ukaniangukia kama gogo, nami nikamtania, "Unyanyue basi, Iordache, au umeshakuwa bwana mkubwa wa kuvalishwa?" Akacheka. Nikacheka. Nikaandika kipimo, nikanywa divai. Kisha nikamwandikia maneno yale ya mbwa na mfupa. Kila nikiyakumbuka uso unaniwaka, nageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Lakini siwezi kukuahidi kitu, Mama Safta, nisije nikakudanganya nawe. Nina binti. Nikiliondoa shauri, kesho yake watasema, "Mnaona? Hakukuwa na mkataba, bahili ameogopa." Na atakayelishwa maneno hayo pamoja na mkate ni yeye, si mimi. Nikisema sababu, nimemvua nguo mumeo barabarani. Nikinyamaza, nimemvua mwanangu. Sijui la kufanya, na sina wa kumwuliza, kwa sababu nikimwuliza mtu nimeshaisema siri yenu.

Mkinge baridi isimpate. Hana koti.

Pintilie


Nyumbani kwa mume wangu, 15 Januari 1937

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mume wangu ni mzima, nami nina habari. Tukijaliwa, wakati wa kuvuna ngano utakuwa babu.

Nilitaka kufurahi nayo, lakini mama mkwe alipoambiwa akasema, "Basi ubatizo tutaufanya huku kwetu, na babu yake mzaa mama asialikwe, atatuletea ule ukimya wake." Mume wangu alitazama sahani yake.

Baba, nasikia shauri ni mwezi ujao. Mimi sikulilii kamwe kwa jambo lolote, unanijua. Kwa hili nakulilia. Shinda.

Mwanao Zamfira


Tecuci, 6 Februari 1937

Pintilie,

Safta anaandika. Ndiyo, Safta anaandika, sasa kila mtu anajua kwa nini, hata yule karani wa mahakama mwenye kikohozi. Na anayeandika barua hii ameinamisha kichwa mpaka pua inagusa wino, kwa hiyo najua nani aliyekuambia. Nimemwuliza. Hajakana, hajakubali. Anasema niendelee kusema, wino unakauka.

Nani alikuomba unihurumie?

Mimi nilikuja mahakamani jana nikiwa nimeshaamua. Ile barua yako ya kiapo ilinikalia kifuani tangu Novemba. Kuapa kwa uongo juu ya msalaba sikuweza. Nikasema basi, nitasimama nikiri, nitavunjika, yaishe. Nilishajiandaa kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Hakimu anasema, "Mdai, eleza," na wewe unasimama, kofia mkononi, unageukia benchi walilokaa watu wako, na unasema, "Mheshimiwa, sikumwajiri mtu. Koti lilikuwa zawadi. Nilikuwa nabana matumizi, wanachosema kijijini ni kweli. Mimi ni bahili."

Wewe! Uliyetumia pipa zima la divai siku tuliporudi kutoka vitani!

Wakili wako aliziba uso kwa makaratasi. Mama mkwe wa binti yako alitikisa kichwa kwa furaha kama anayesikiliza kwaya. Nikamwona Zamfira. Alikuwa amekaa pembeni, mkono tumboni, anakutazama kama vile umempiga kofi. Nikasimama nikapiga kelele, "Mwongo huyo! Nilichukua arubuni! Nililiomba koti mwenyewe!"

Ukasema, "Kaa chini, Iordache, ilikuwa zawadi."

Nikasema, "Arubuni!"

"Zawadi, mpumbavu wewe!"

"Arubuni, na mpumbavu ni wewe na wakili wako!"

Hakimu akagonga meza. "Hebu! Hapa nani anamshtaki nani?" Watu wakacheka, hata mimi ningecheka kama ingekuwa kesi ya mwingine. Nikamwambia naomba kuapishwa. Akasema weka mkono wa kulia. Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu nilichelewa. Nikauchukua mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikautoa mfukoni, nikauweka juu ya msalaba kama mtu anayeweka mkate mezani. Nikaapa kwamba mapatano yalikuwapo, kwamba ulinitaka nami nikakubali, kwamba niliwadanganya wenzangu, kwamba nilifika darajani nikarudi. Ulitazama dari muda wote. Nilikuona.

Sasa kila mtu anajua. Nimetembea sokoni leo, wauza samaki wamenyamaza nilipopita. Nina aibu, Pintilie, aibu ya mkono na aibu ya daraja, na aibu ya kwamba ulisimama pale ukajiita bahili kwa ajili yangu, nami nilikuachia mwanao acheze kimya. Hiyo ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Iordache


Fundătura, 2 Machi 1937

Kaka Iordache,

Karatasi ya hakimu imekuja. Ina muhuri. Inasema mkataba ulikuwapo, na kwamba mdaiwa aliuvunja. Nilishatayarisha misumari, unakumbuka. Nilisimama mlangoni na nyundo, nikaisoma tena hadi pale palipoandikwa jina lako, nikarudi ndani nikaitia chini ya godoro. Nimeshinda, na sijawahi kuona haya namna hii tangu nizaliwe.

Haikuhitajika mlangoni, hata hivyo. Magari mawili yalitosha. Benchi la nyuma kanisani haliimbi tena. Mama mkwe wa Zamfira amekata mkate siku zote hizi bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni toba kubwa. Zamfira alikuja Jumapili. Akasema, "Baba, ulitaka kushindwa." Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mkono wako unauma. Nikasema sijui, sikuwahi kuuliza. Je, unauma?

Nakurudishia koti. Uzi wa magunia nimeufumua, mwambie Safta asikasirike. Mfuko wa kulia nimeutia manyoya ya mwanakondoo ndani na nimeukata kwa kina zaidi, mkono utakaa wenyewe bila kufungwa, na ukitaka kuutoa utatoka. Hakuna atakayeona ila anayejua kushona.

Usije ukaniita tena mwongo: hii si zawadi. Ni arubuni. Wakati wa kuvuna ngano kuna ubatizo, na mama mkwe mwenyewe amesema ufanyike uani kwangu. Wenzako wawili wanakuja, nimeongea nao, wamekusamehe, ingawa yule mnene bado anaguna. Watahitaji mtu wa kuketi mbele yao na kuwaambia lini waende haraka na lini wampe mchezaji nafasi ya kuvuta pumzi. Mimi na wewe tunajua kuwa hilo halifanywi kwa mkono.

Tungekuwa kwa Ruxanda ningetaka tugonge viganja. Mwezi Juni ule mimi nilitoa wa kulia na wewe wa kushoto, ndiyo maana havikushikana vizuri. Safari hii natoa wa kushoto na mimi.

Pintilie


Tecuci, baada ya Pasaka

Pintilie

Nakubali. Nitakuja.

Unauma wakati wa mvua tu.

Barua hii nimeandika mwenyewe kwa kushoto ndiyo maana fupi. Kuku amekanyaga wino tena. Itunze. Safari hii una karatasi.

Iordache